Ndoa ya Aliyepotea: Miaka Haikati, Hukumu Ndiyo Ikatayo

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni watu wa safari tangu zama za kale, na katika mji wa wasafiri mke hufundishwa kungoja kabla hajafundishwa mengine. Majahazi yalipokuwa yakishuka na kaskazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, na yakipanda na kusi kurejea huko, mke wa baharia aliijua misimu kama alivyozijua siku za juma. Na misafara ilipoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, waliobaki nyumbani walijua kwamba safari hiyo haihesabiwi kwa siku wala kwa wiki. Lakini ulipopita msimu mmoja na wa pili, na chombo kikarudi pasipo mtu wake, wala asitokee msafiri aliyekutana naye bandarini au njiani, hapo huzuni ya nyumba ile iligeuka kuwa suala la sheria: Je, mwanamke huyu ni mke wa mtu au ni mjane, na nani mwenye mamlaka ya kumwambia lipi kati ya hayo mawili?

Zama zimebadilika, lakini suala limebaki. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, wanaume wa nchi hizi walichukuliwa kwa wingi usio kifani kuwa wapagazi wa majeshi. Makumi ya maelfu yao wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hawakuandikiwa kaburi wala jina, kiasi kwamba ukumbusho mkubwa walioachiwa ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na jina la Kiingereza la jeshi lao la uchukuzi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ikazama karibu na Nungwi, ikiwa njiani kwenda Pemba. Katika misiba yote miwili jamaa wengi hawakupata maiti ya kuzika. Fauka ya hayo, wako wanaokwenda kutafuta kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, Afrika Kusini, Ulaya na Marekani, barua zao zikapungua, kisha simu zao zikanyamaza. Na wako wasiovuka bahari wala mpaka, bali hutoka mji mmoja kwenda mwingine, wakabadilisha namba ya simu, wakaanza maisha mengine kana kwamba hayakutangulia maisha ya kwanza.

Juu ya jambo hili umeenea uvumi mwingi. Huyu husema kwamba miaka mitatu ikipita mke huwa huru. Yule husema minne. Na wa tatu huapa kwamba ni saba. Hesabu hizo hazikuzuka bure, kwa maana kila moja ina asili yake katika kitabu fulani cha sheria, kama itakavyobainika. Lakini waitajao miaka husahau nusu ya pili ya kanuni, nayo ndiyo kubwa. Hakuna sheria hata moja katika zinazohukumu kwetu, iwe ya dini au ya dola, isemayo kwamba ndoa hukatika yenyewe siku ya mwisho wa muda. Muda humpa mtu haki ya kubisha hodi kwa hakimu, basi. Anayefungua mlango ni hakimu. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini pasipo kumwona mumewe, asiende kwa kadhi wala mahakamani, bado ni mke wa mtu, na akiolewa kwa kutegemea hesabu ya miaka peke yake hujitia katika mashaka, yeye na watoto atakaowazaa.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa kupambanua hali tatu ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mume ajulikanaye aliko, lakini hatoi nafaka, yaani matumizi ya mke, wala haulizi hali ya aila yake. Ya pili ni ya mume asiyejulikana makazi yake, ilhali uhai wake hauna shaka: ameonekana na watu, au amewapelekea salamu ndugu zake huku akiwakataza wasimwambie mkewe alipo. Ya tatu ni ya mtu ambaye habari zake zimekatika kabisa, haijulikani yu hai au amekwisha kufa, naye ndiye anayeitwa na wanazuoni mafqudi. Hali hizi hufanana machoni pa mwanamke anayelala peke yake, lakini mbele ya sheria kila moja ina njia yake, na anayekosea njia hupoteza wakati na fedha.

Tuanze na sharia ya Kiislamu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuhukumu katika pwani yetu. Masahaba wenyewe walikuwa na rai mbili. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alihukumu kuwa mwanamke aliyepotelewa na mumewe angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, yaani miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo ni halali kwake kuolewa. Sayyidna Ali bin Abi Talib alikuwa na kauli nyingine: mwanamke huyo amepewa mtihani, basi na asubiri mpaka ipatikane yakini ya kifo au ya talaka. Kauli ya kwanza ilitazama dhara iliyomfika mwanamke. Ya pili ilitazama kanuni kwamba jambo lililothibiti kwa yakini haliondolewi kwa shaka.

Imam Malik aliishika kauli ya Umar, na wafuasi wake wakaieleza kwa sharti ambalo watu hulisahau mno: miaka minne hiyo haihesabiwi tangu siku mume alipoondoka, bali tangu mwanamke alipofikisha habari kwa kadhi, kadhi akaamrisha mume atafutwe, na utafutaji ukakosa natija. Wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal walipambanua: aliyepotea katika jambo ambalo aghalabu huangamiza, kama vile chombo kilichovunjika baharini au mapigano, hungojwa miaka minne; ama aliyepotea katika jambo ambalo aghalabu mtu husalimika, kama safari ya biashara, muda wake ni mrefu zaidi. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa walikuwa wakali kuliko wote, wakataka angojwe mpaka umri wake ufikie kiasi ambacho marika wake wangekuwa wamekwisha kufa.

Wengi wa Waislamu wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Imam Shafi, aliyezaliwa mwaka 767 wa Miladi na kufariki Misri mwaka 820, naye katika suala hili ana kauli mbili. Katika kauli yake ya kale alikubaliana na miaka minne ya Umar. Katika kauli mpya, aliyoitoa alipokuwa Misri, aliirudia rai ya Ali, kwamba mke wa aliyepotea haolewi mpaka kithibiti kifo au talaka. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, ambacho kwa karne nyingi kimekuwa tegemeo la makadhi wa Kishafi na kusomeshwa katika darsa za pwani yetu, kilishika kauli mpya, tena kwa nguvu, hata kikaeleza kwamba kadhi akihukumu kwa kauli ya kale, kwa rai iliyo sahihi zaidi hukumu yake hutenguliwa. Msomaji asiyeendelea mbele ya ukurasa huo aweza kudhani kwamba mlango umefungwa.

Walakini fikihi ya Kishafi ina mlango mwingine, na huo ndio unaopitiwa na wanawake wengi wa pwani hadi leo. Nao ni fasikhi, yaani kadhi kuitengua ndoa kwa sababu mke hapati haki zake, hasa nafaka. Asili ya mlango huu ni mume aliyeshindwa kumlisha mkewe kwa ufukara. Wanazuoni walihitilafiana juu ya mume aliye mbali: wako waliokataa fasikhi maadamu ufukara wake haukuthibiti, na wako wengi katika waliokuja baadaye waliosema kwamba ikiwa nafaka haipatikani kwake, wala hana mali hapa ya kuichukulia, basi kadhi ana ruhusa ya kutengua ndoa. Hapo suala la uhai au kifo cha mume huwekwa kando, na kinachopimwa ni jambo lionekanalo: amelishwa au hakulishwa, ameachiwa kitu au hakuachiwa. Ndiyo maana kadhi huuliza kwanza kama mume ameacha nyumba, shamba, duka au mtu aliyemwamini, kwa kuwa kama iko mali, nafaka huchukuliwa humo.

Katika karne iliyopita nchi kadhaa za Kiislamu zilikiri kwamba subira isiyo na mwisho imekuwa dhulma. Dola ya Uthmani, vita vikiwa vimewameza askari wake, ilitunga sheria ya familia mwaka 1917 iliyompa mke wa aliyepotea njia ya kutoka, na Misri ikafuata mwaka 1920. Zote mbili, ingawa mahakama zao zilikuwa za Kihanafi, zilichota katika fikihi ya Maliki. Bara Hindi jambo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu wake wa Kihanafi waliokosa njia nyingine walifikia hata kuritadi ili ndoa zivunjike. Mwanazuoni mkubwa wa Deoband, Maulana Ashraf Ali Thanvi, aliandika risala akijuzisha kufuatwa kwa rai ya Maliki kwa dharura, na mwaka 1939 ikapitishwa sheria inayomruhusu mke kuomba ndoa ivunjwe ikiwa mumewe hajulikani aliko kwa miaka minne. Sheria hiyo iliweka hadhari ya hekima: amri ya hakimu haipati nguvu mpaka ipite miezi sita, na mume akitokea katika muda huo, akawa tayari kutimiza wajibu wake, amri hufutwa.

Kwetu, Waislamu wa Kenya hupeleka mambo haya katika Mahakama za Kadhi, zilizotajwa na ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yenyewe imeacha uvunjaji wa ndoa ya Kiislamu ufuate sharia ya Kiislamu. Zanzibar nayo ina Mahakama za Kadhi za dola. Tanzania Bara mambo ni tofauti: kadhi na mabaraza ya Bakwata, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanasikiliza, wanasuluhisha na kunasihi, lakini hukumu ya talaka ambayo serikali inaitambua hutolewa na mahakama za kawaida. Mwanamke wa Tanga au Kigoma aliyepata waraka wa shekhe peke yake amepata jambo lenye uzito katika dini yake, lakini katika daftari la serikali hali yake haijabadilika.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 1971, hutumika kwa Waislamu, Wakristo, Wahindu na wale waliooana kwa mila au serikalini, lakini haitumiki Zanzibar. Mbele ya mtu aliyepotelewa na mwenziwe sheria hiyo imeweka milango miwili. Wa kwanza ni talaka kwa sababu ya kutelekezwa: ikithibiti kwamba mume au mke amemwacha mwenziwe kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu, mahakama huweza kuona humo ushahidi kwamba ndoa imevunjika isivyoweza kutengenezwa. Hapa ndipo ilipotoka ile hesabu ya miaka mitatu isemwayo vibarazani. Walakini wasemaji huacha neno “kwa makusudi”, ilhali ndilo linalobeba shauri zima, kwa kuwa aliyezama na meli au aliyefungwa nchi ya kigeni hakumtelekeza mtu.

Mlango wa pili ni amri ya kumdhania aliyepotea kuwa amekufa. Mtu akikaa miaka mitano au zaidi pasipo kusikika habari zake na wale ambao wangetarajiwa kuzisikia lau angekuwa hai, sheria humdhania kuwa amefariki. Dhana hiyo si yakini. Kabla ya amri kutolewa, huvunjwa mara moja ukiletwa ushahidi kwamba yu hai. Wala haitoshi mke kusema kwamba yeye hakusikia, maana yawezekana mume alikosana na mkewe lakini akawa anazungumza na mama yake kila mwezi. Kwa hiyo wazazi, ndugu, rafiki na waajiri ndio mashahidi wa kweli wa ukimya, na ukimya wa mama kwa mwanawe una uzito kuliko ukimya wa mume kwa mke aliyegombana naye.

Kuna jambo jingine ambalo limewakwamisha wengi pasipo haja. Kwa kawaida, hakuna shauri la talaka linalopokelewa mahakamani Tanzania Bara mpaka lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Na yako mashauri yaliyotupwa kwa kukosa hati hiyo. Basi mtu aliyekimbiwa hujiuliza: nitasuluhishwaje na mtu nisiyemwona? Watunga sheria walilifikiri. Kifungu cha 101 kimemtoa katika sharti hilo mwombaji anayedai kwamba ametelekezwa na hajui mwenziwe yuko wapi, na pia yule ambaye mwenziwe yuko nje ya Tanzania na haelekei kuingia nchini katika miezi sita ijayo. Mwenye hali hiyo hana haja ya kuzungushwa. Huandika sababu yake katika madai na kwenda moja kwa moja mahakamani, na mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka juu ya mashauri ya ndoa.

Mahakamani hatadaiwa miujiza, bali atadaiwa bidii. Kanuni ya insafu ni kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kuitwa. Na asiyejulikana aliko huitwa kwa njia zinazowezekana, kama tangazo gazetini, au wito kubandikwa mahakamani na katika nyumba aliyokaa mwisho. Akiitwa kwa njia hiyo asitokee, shauri husikilizwa upande mmoja. Kusikilizwa upande mmoja si kushinda kwa urahisi, kama wengine wanavyodhani. Hakimu hubaki na wajibu wa kupima ushahidi, tena kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hakuna wa kuujibu. Anayefungua shauri na aende na cheti cha ndoa, taarifa aliyoitoa polisi mtu alipopotea, barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, majibu ya ubalozi ikiwa alipotelea ughaibuni, barua na bahasha zilizorudi, namba za simu zisizopokelewa, na mashahidi wawili watatu wa upande wa aliyepotea. Ndugu wa mume wakikubali kusema kwamba nao hawana habari, shauri hupata nguzo. Wakikataa, hata kukataa kwao hakuna budi kuelezwa.

Na ole wake anayejua mwenziwe aliko akamwambia hakimu hajui. Hukumu iliyopatikana kwa hila huweza kutenguliwa, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Nimeona mashauri ya namna hii yakifufuka miaka kadhaa baadaye kwa sababu ya kiwanja au pensheni, na mtu aliyedhani amefunga mlango akajikuta anaulizwa maswali mapya na hakimu mwingine.

Kenya hesabu ni tofauti kidogo. Kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu ni sababu ya talaka katika ndoa ya Kikristo na ya kiserikali, lakini dhana ya kifo, kwa Sheria ya Ushahidi, hutaka ukimya wa miaka saba, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeitaja amri ya mahakama ya kudhania kifo miongoni mwa mambo yanayomaliza ndoa. Uvumi wa miaka saba umetoka hapa, na umekuzwa na kanuni ya jinai iliyorithiwa kwa Waingereza, isemayo kwamba aoaye au aolewaye tena baada ya mwenziwe kutoweka miaka saba pasipo habari za uhai wake hahesabiwi kuwa mkosaji wa kuoa au kuolewa juu ya ndoa. Watu wakasoma kwamba hakuna kifungo, wakafahamu kwamba ndoa ya kwanza imekwisha. Sivyo. Kuepushwa na gereza ni jambo moja, na kuwa na ndoa ya pili iliyo sahihi ni jambo jingine. La pili halipatikani bila ya amri ya mahakama.

Wakatoliki wana taklifu ya ziada. Talaka ya serikali haivunji sakramenti machoni pa Kanisa lao, na kwa mwenzi aliyepotea Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1707, inamtaka askofu wa jimbo apate yakini ya kimaadili ya kifo, kwa mashahidi, sifa iliyoenea au dalili nyingine. Kutokuwepo kwa muda mrefu, hata mrefu vipi, hakutoshi peke yake. Kwa hiyo Mkatoliki anayetaka kuoa au kuolewa tena kanisani na aanze mapema kwa paroko wake, asingoje hati ya mahakama ndipo aulize.

Katika kuchagua mlango, mtu asitazame haraka peke yake, bali atazame na yatakayofuata. Talaka au fasikhi humfanya mtu mtalaka: eda ya mwanamke wa Kiislamu aingiaye hedhi huwa ya tohara tatu, au mpaka kuzaa ikiwa ni mjamzito, hugawanywa mali iliyochumwa pamoja kwa kadiri ya sheria ya nchi, lakini haki ya kumrithi aliyepotea huondoka. Hukumu ya kifo humfanya mjane: eda ni miezi minne na siku kumi, na mlango wa mirathi hufunguka, kwake na kwa watoto. Kabla ya hukumu hiyo mali ya aliyepotea haigawanywi. Katika fikihi huhifadhiwa kwa ajili yake, na ndugu wanaokimbilia kugawana shamba la mtu ambaye hakuna hakimu aliyemhukumia kifo wanafanya ghasibu, hata wakisoma na hitima. Mke asiye na haja ya kuolewa upesi, ambaye mumewe ameacha nyumba na watoto wadogo, huenda ikamfaa kuingoja dhana ya kifo. Mke aliyetelekezwa na mtu asiyeacha kitu, aliye kijana, na aliyechoka kuitwa mke wa mtu asiyejulikana, yumkini talaka au fasikhi itamfaa zaidi.

Na je, akirudi? Katika fikihi imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimpa mume aliyerudi hiari kati ya mke wake na mahari. Wamaliki husema kwamba mume wa pili akiisha kumwingilia mkewe bila ya kujua uhai wa wa kwanza, wa kwanza hana tena njia. Na aliyetenguliwa ndoa kwa fasikhi, hata mkewe wa zamani akiwa bado hajaolewa, hampati ila kwa ndoa mpya na mahari mapya. Kwa sheria za dola zetu, amri ya mahakama ndiyo iliyoikata ndoa, na kurudi kwa mtu hakuiungi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kufuata sheria: aliyeolewa kwa hukumu ana jibu siku mlango unapobishwa, na aliyeolewa kwa uvumi hana.

Tumesema sana juu ya mke, kwa kuwa ndiye aghalabu huachwa akingoja. Lakini wako na waume waliopotelewa na wake zao, hasa tangu wanawake wengi walipoanza kwenda Ghuba kufanya kazi za majumbani. Mume wa Kiislamu mlango wake ni mwepesi kwa kuwa talaka i mkononi mwake, naye aweza kuoa mke mwingine bila ya kumwacha wa kwanza. Ila asisahau kuthibitisha talaka hiyo mbele ya kadhi au mahakama, na kuweka haki za mtalaka wake, kama mahari yaliyobaki, mahali pa kuchukuliwa. Mkristo na aliyefunga ndoa ya mke mmoja hana njia ila ile ile ya mahakama, kwa masharti yale yale.

Mengi ya madhila haya yangeweza kuzuiwa kabla ya safari. Mume wa Kiislamu anayekwenda mbali aweza kumwachia mtu mwaminifu uwakala wa kutoa talaka ikiwa hatarudi wala kuleta habari katika muda maalumu, au kumkabidhi mkewe mwenyewe uwezo huo. Fikihi inaruhusu, na mashahidi wawili na karatasi iliyoandikwa vizuri hutosha kumwokoa mtu na miaka ya wahaka. Msafiri wa dini yoyote na aache nakala ya pasi yake, anwani ya mwajiri, namba za watu watatu wanaomjua huko aendako, na wosia ulioandikwa. Hayo si dalili ya kutoaminiana. Ni amana kwa wale wanaobaki.

Kwa wazee wa mitaa, mashekhe, mapadri na masheha, nasaha ni moja: mwanamke au mwanamume akija kuwauliza kama miaka yake imetimia, msimhesabie miaka mkamwacha aende zake. Mwelekezeni kwa kadhi au kwa hakimu, mpeni barua anayoihitaji, na simameni naye kutoa ushahidi wa mnayoyajua. Na wewe msomaji, ikiwa ndiwe unayengoja, toa taarifa leo polisi na mbele ya kadhi au mahakama, hata kama hujaamua bado utapita mlango gani. Maana mwenye kuchelewa kufikisha habari zake, siku atakapotaka kufunguliwa hataulizwa tu mume ameondoka lini, ataulizwa pia yeye alimtafuta tangu lini.